Nilipoona Ziwa Linarudi Nikanyamaza

Nakumbuka asubuhi moja nilikanyaga maji mahali nilipokuwa nimeanika samaki jana yake. Nikatazama huku na huku kama kuna mwingine aliyeona. Hapakuwa na mtu. Nikahamisha kichanja changu juu kidogo, nikanyamaza.

Mwanangu, wewe umenijua hapa Kizwite, nikipalilia maharage yangu nyuma ya nyumba. Lakini nilipoolewa nilishuka kutoka Kasense hadi bondeni, ufukweni mwa Ziwa Rukwa. Miaka ile ziwa lilikuwa limerudi nyuma sana, na ardhi iliyobaki wazi watu waliigombania. Huyu alipanda mahindi, yule alijenga zizi, sisi wengine tulikata matete mpaka yakaisha. Mimi na mume wangu tulijenga huko huko chini, karibu na maji, tukajiona wajanja.

Baba mkwe alikataa kuhama kijiji cha juu. Alikuja mara moja kuiona nyumba yetu, akakwangua udongo kwa kidole cha mguu, likatoka gamba la konokono wa majini. Akasema ujanani mwake alivua samaki pale tulipoweka jiko. Nilicheka. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, yeye hakujua kusoma, basi nikadhani namzidi kwa kila jambo.

Jirani yetu alikuwa Mama Kulwa, Msukuma aliyekuja na familia na ng'ombe wao kutafuta malisho. Aliishi na mama mkwe wake, kikongwe asiyeweza kutembea. Mvua zilipozidi mwaka ule alinifuata, akaniuliza kama ziwa hili lina tabia ya kurudi, maana wao ni wageni, na kumhamisha mgonjwa si kazi ndogo. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimehamisha kichanja mara tatu. Kila nikisikia wimbi nilitoka nje kuangalia. Lakini kusema kweli kungekuwa kukubali kwamba baba mkwe alikuwa sahihi.

"Hakuna shida, dada," nikamwambia. "Haya ni maji ya mvua tu, yatakauka."

Akashukuru, akarudi kwake.

Haikupita wiki, upepo ukavuma kutoka ziwani tangu alfajiri. Saa nne asubuhi maji yalikuwa ndani kwetu. Sisi tulikimbia na vyombo vyetu. Mkokoteni wa kina Mama Kulwa ulizama kwenye tope, na kikongwe alikaa juu yake akilowa mpaka baba mkwe alipoteremka na kumbeba mgongoni. Maji hayakumchukua, ila baridi ilimwingia kifuani. Siku chache baadaye tulimzika.

Baada ya mazishi Mama Kulwa aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unajua?"

Nikamjibu kwamba nilijua. Hakunitukana. Alichukua ndoo yake akaenda kuteka maji. Kisha wakahama, na sijamwona tena.

Baba mkwe alisema neno moja tu. "Ungekuwa hukuona, mwanangu, ningekuhurumia. Lakini uliona."

Nimezeeka, na bado mvua ikinyesha mfululizo siwezi kukaa. Natoka, naingia, natoka tena. Wajukuu wananicheka.

Sasa nasikia unataka kushuka bondeni na wenzako mkalime karibu na maji. Sikukatazi. Ila kila asubuhi nenda ukaangalie mwenyewe yamefika wapi. Matete yaache yasimame, maana ndiyo yanayovunja nguvu ya mawimbi. Waulize waliozeekea pale, hata wasiojua kusoma. Na siku utakapoona mambo yamebadilika, sema siku hiyo hiyo, hata kama itakuaibisha, na zaidi kwa mgeni aliyekuja kukuuliza kwa sababu anakuamini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kusema, na wewe na majirani zako mlale pakavu.