Makofi Matangani

Kila Jumatatu asubuhi, baada ya taarifa ya habari na kabla ya matangazo ya vifo, mimi husoma orodha redioni. Ni redio ndogo ya Busia mjini, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na ukisahau kufunga dirisha wasikilizaji watasikia honi za malori zaidi ya watakavyokusikia wewe. Orodha yenyewe ni ya mambo ya kwenda kuona wiki hiyo: mchezo wa kuigiza wa wanafunzi huko Chakol, kwaya, wachekeshaji, kasida za Maulidi hapa mjini, wachezaji ngoma wa Angurai siku ya soko. Nasema ni nini, ni wapi, ni saa ngapi, na kwa nini mtu aache shughuli zake aende. Wanaonisikiliza kwa makini zaidi ni madereva wa malori waliokwama Malaba kwenye foleni ya kuvuka mpaka, maana mtu wa foleni hana pa kwenda na hana pa kukaa.

Zamani nilikuwa napendekeza chochote nilicholetewa. Halafu kukawa na mchezo mmoja wa kuigiza, nikausifu kama nimeutunga mimi, kumbe waigizaji hawakuwa tayari hata kidogo. Wiki iliyofuata mama mmoja muuza dagaa akanishika mkono sokoni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, ni wewe ulinituma nikaone watu wazima wakisahau maneno?" Niliona aibu hadi nikaacha kununua dagaa kwake. Tangu siku hiyo nikajiwekea sheria: sisomi kitu ambacho sijakiona mimi mwenyewe kikifanyiwa mazoezi. Katikati ya wiki napanda boda, nazunguka, naketi pembeni, naangalia. Nilijivunia sana sheria hiyo, na watu wakaniamini kwa sababu yake.

Mama yangu aliishi Moding. Yeye, dada yake mkubwa na wanawake wengine sita walikuwa waimbaji wa matanga. Mtu akifa wanaitwa. Mama mkubwa anapiga ngoma, na mama anaimba maisha ya marehemu, maneno akiyatunga palepale: ng'ombe wake, ubishi wake, kisima alichochimba akaachia majirani. Nimeona wanaume wenye roho ngumu wakitoka nje ya boma kwa sababu mama amewataja baba zao vile walivyokuwa. Lakini siku hizi vijana wanaleta spika kubwa, wanapiga disko matanga, na wale wanawake wanane wakifika wanaambiwa, shikamoo mama, jikoni kuna viazi vya kumenya.

Basi mwaka jana wenye ukumbi mmoja wa Malaba wakaandaa alasiri ya nyimbo za kienyeji, siku ya Jumamosi, na kikundi cha mama kikapewa nafasi. Mama alinipigia simu siku hiyohiyo alipopata habari. Alitaka awe kwenye orodha yangu.

"Wewe unasomea watu ngoma za kila mtu," akasema. "Kinyozi hajinyoi, hilo najua. Lakini hata mamake hamnyoi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi miaka yote watu wananisikia wakiwa na makamasi. Hawanisikii mimi, wanasikia maiti wao. Nataka siku moja wanisikie wamekaa, wameshiba, macho makavu. Halafu nikimaliza wapige makofi kama wanavyopigia wengine. Mara moja tu. Sasa watakujaje kama hujawaambia?"

Nilipaswa kusema sawa, mama, na simu ikaisha. Badala yake nikasema, "Nitakuja nione mazoezi."

Nilijua ninaloliomba. Kwetu ngoma ya msiba haina mazoezi. Inatundikwa nyumbani kwa mama mkubwa, imegeuzwa uso ukutani, na haishuki mpaka mtu afe. Ukumbini si boma la mtu, huko haihesabiki; lakini ukiipiga bomani wakati hakuna maiti, unauliza ni nani anayefuata. Nimekua nikijua hivyo, na nikiwa mdogo nilichapwa kwa kuigonga tu na kidole. Lakini niliogopa watu waseme nimempendelea mamangu. Huo ndio ukweli, sina mwingine. Nikamwambia sheria ni sheria, nikikuachia wewe kesho nitamwambia nini mtu mwingine, maneno makubwa makubwa kama ya chifu.

"Lini?" akauliza.

"Jumatano. Siku nyingine sina nafasi."

"Jumatano," akarudia polepole. "Haya. Njoo hiyo Jumatano."

Nilipofika niliwakuta wamesimama uani. Mama mkubwa alikuwa amekataa kuishusha ngoma, na mama akaingia mwenyewe akaitoa. Mama mkubwa akaipokea akiniangalia mimi. "Mtoto ametaka," akasema. "Apewe." Kisha wakakwama, kwa sababu wimbo wa matanga ni lazima uwe na mfiwa na mfu, na pale hatukuwa na yeyote.

Mama ndiye aliyepata njia. Wiki hiyo mwewe alikuwa amembeba kuku wake mweupe. Akainama kwenye ngoma akaiambia kwa sauti ya kueleza, kana kwamba anaongea na karani, "Amekufa kweli. Hatukudanganyi." Wote wakaangua kicheko, hata mama mkubwa, na ngoma ikaanza.

Mnajua, nilienda pale na daftari langu niandike kama wanatosha kupanda jukwaani. Sikuandika kitu. Mama aliimba yule kuku tangu alipokuwa yai. Akaimba alivyokataa kulala na wenzake, alivyotagia kitandani kwa wageni, alivyomfukuza mbwa wa jirani mpaka barabarani. Tulicheka, halafu akafika pale kifaranga mmoja alipobaki akizunguka mahali kivuli kilipopita, na nikajikuta nalia kwa ajili ya kuku. Mama aliniona. Alifurahi waziwazi, hakujificha hata kidogo.

Mwishoni akawapanga mstari awafundishe kuinamia watazamaji, vile alivyowaona watoto wa kwaya wakifanya. Mama mkubwa akakataa. "Mimi nimezika nusu ya tarafa hii," akasema. "Simwinamii mtu." Walibishana juu ya hilo hadi mimi nikapanda boda.

Jumatatu nikalisoma onyesho lao. Nikasema kuna wanawake wanane kutoka Moding watakaoimba Malaba Jumamosi, saa tisa alasiri, na kama utaona kitu kimoja tu wiki hii, basi ni hiki, usikose. Simu ya mama ikaingia kabla sijatoka chumbani.

"Umesema nisikose?"

"Nimesema watu wasikose, mama."

"Hebu rudia vile ulivyosema."

Nikarudia. Akaniomba tena, nikarudia tena. Ndiyo maongezi yetu ya mwisho.

Alhamisi asubuhi alianguka akiteka maji kisimani. Majirani walimbeba, lakini alikata roho kabla ya kufika hospitali. Daktari alisema ni presha. Mama mkubwa alisema tulipiga ngoma pasipo maiti. Alisema mbele ya watu wote, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Ngoma mimi siiogopi. Kilichonimaliza nilikipata kwenye mkoba wake, wakati natafuta kitambulisho. Ilikuwa kadi ya kliniki ya presha. Tarehe zimeandikwa moja chini ya nyingine, na kila tarehe ina muhuri wake, isipokuwa ya mwisho. Tarehe ya mwisho ilikuwa ile Jumatano. Alikuwa aende apimwe na achukue dawa za mwezi, na kikopo cha dawa kilikuwa kitupu. Angeweza kuniambia. Angesema tu, Jumatano nina kliniki, mwanangu, nami ningehamisha. Lakini nilikuwa nimemwambia sina siku nyingine. Kadi hiyo sijamwonyesha mtu hadi leo. Majuto ni mjukuu, husema watu, ila wangu hakuchelewa kuzaliwa.

Mama mkubwa hakutaka mwili ukae mochari, akasema azikwe Jumamosi. Pale redioni waliniomba nitangaze kwamba onyesho la Malaba limevunjwa. Nilishindwa. Mwenzangu akasoma badala yangu kwenye matangazo ya vifo, na wenye ukumbi wakabandika karatasi mlangoni: kikundi kiko Moding, kinamzika mwimbaji wao.

Kumbe kuna watu hawakusikia tangazo. Walienda ukumbini, wakasoma ile karatasi, wakaulizana, na badala ya kurudi kwenye malori yao wakachukua boda. Walifika kama kumi na wawili hivi, wengi madereva, wageni kabisa, wengine lugha yao sijaijua. Mgeni wa matanga kwetu haulizwi katoka wapi. Wakanawishwa mikono, wakapewa wali na nyama, kisha wakaonyeshwa viti vya plastiki chini ya hema, safu ya mbele, maana waombolezaji walikuwa wamesimama karibu na jeneza.

Ikafika zamu ya wimbo. Hakukuwa na mtu wa kumwimba mama, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa akiimba. Wale wanawake sita wakatazamana. Mama mkubwa, ambaye maishani mwake hajawahi kuongoza wimbo, alishika ngoma na kuanza kwa sauti iliyopasuka. Hakuimba harusi ya mama wala watoto wake. Aliimba kuku mweupe. Kila neno alilolisikia siku ile alikuwa amelishika: yai, kitanda cha wageni, mbwa wa jirani. Wenzake wakaitikia. Alipofika kwa kifaranga akanyamaza, akashindwa, na ngoma ikamalizia peke yake.

Hapo dereva mmoja kwenye safu ya mbele akapiga makofi.

Kwetu matangani hakuna makofi. Boma zima likageuka. Mjomba wangu alikuwa ameshaanza kumfuata, na yule mtu akashusha mikono, akaiweka mapajani kama mwanafunzi aliyekosea. Mimi pia nilitaka kumtoa kwa maneno, na mdomo wangu mnaujua. Kisha nikawaangalia wote kumi na wawili. Wamekaa. Wameshiba. Macho makavu.

Nikaanza kupiga makofi. Nilipiga peke yangu kwanza, watu wakidhani huzuni imenipanda kichwani. Yule dereva akanitazama, akaanza tena, halafu wenzake wakafuata. Mama mkubwa alisimama na ngoma yake bila kujua la kufanya. Aliniangalia. Akaegemeza ngoma kwenye jeneza, akawashika wenzake mikono, kulia na kushoto, na akainama mpaka kilemba chake kikadondoka.

Nilipiga hadi viganja vikaniuma, na mama hakusikia.