Masale ya Mpaka wa Mahango

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, sokoni Bwera, nilimkuta kijana akiuza masale yaliyopandwa kwenye makopo ya rangi. Aliniambia watu wa hoteli huyanunua kwa urembo. Nilivunja ncha ya jani, nikainusa: harufu mbichi ya maji na udongo. Chuki ya zamani ikanirudia.

Ninyi mliokulia tambarare huenda hamjui kazi ya masale. Kwetu Mahango, mlimani juu ya mji wa Kasese, Uganda, ndiyo mpaka. Lakini mtu hapandi mpaka peke yake. Kila jirani huleta miche ya uani kwake. Mmoja hupanda wake, mwenzake wake, wakipishana hivyo hadi mwisho wa shamba, kisha hula chungu kimoja. Anayepanda mstari mzima peke yake huitwa mwizi, hata kama ardhi ni yake.

Shamba letu lilipakana na msitu wa hifadhi. Sehemu ya juu kabisa ilikuwa na kahawa, na kahawa hiyo ndiyo iliyotusomesha. Siku moja askari wa hifadhi walipita wakisema mpaka utapita chini ya kahawa, si juu yake. Baba alifanya alilolijua: akapanda masale yake juu ya kahawa, na baada ya kila mche akaacha shimo tupu. Mama akapika muhogo na maharage. Tukamngoja mkuu wa wale askari, ambaye kila mtu alimwita Afande tu, alete miche ya upande wa msitu.

Hakuja. Shuleni wenzangu wakaliita shamba letu kibogoyo, nami nikamwonea baba haya.

Wiki iliyofuata Afande alitokea na vijana wawili wenye mapanga.

"Mzee, nani alikuambia mupaka iko hapa?"

"Nilikuita tupande, Afande. Hata chakula kikapoa."

"Nipande na wewe kama nani? Mimi si jirani yako. Mimi ni serikali."

"Na nyani yako inakula mahindi yangu, nayo ni serikali?"

Watu waliokusanyika walicheka. Afande hakucheka. Masale yakang'olewa yote, na baba akaamriwa ayabebe kichwani hadi kambini.

"Beba! Haraka!"

Mama akapiga kelele nyuma yao: "Wewe usiye na jirani, ulizaliwa na nani?"

Kahawa ikabaki upande wa msitu. Tangu siku hiyo mlima mzima uliwanunia wale askari. Wakisalimia, watu walitema mate. Wakiomba maji, mitungi yote ilikuwa mitupu.

Kiangazi kilichofuata moto ulishuka kutoka msituni, upepo ukiusukuma. Afande alikuja mbio, masizi usoni.

"Nyinyi watu! Mzee, toka na watu yako, zima moto! Hii ni amri!"

Baba alikuwa ameshashika jembe. Aliposikia amri akaliweka chini, akakaa kwenye kigoda, akautazama moto ukiingia kwenye kahawa. Hakuna aliyetoka nyumbani kwake.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba alifurahi siku ile, nami nilifurahi pamoja naye. Leo nina shamba langu. Nimepanda mipaka na watu nisiowapenda, tukala chungu kimoja bila kutazamana usoni, na hakuna aliyeona ajabu. Ndipo nilipoelewa. Baba hakumdai Afande wema. Alimdai ujirani tu, kitu ambacho kwetu hata adui hanyimwi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kigoda, mkono karibu na mpini wa jembe. Nilimwona, nikadhani ni hasira. Kumbe alikuwa akisubiri aitwe jirani, neno hilo moja, ili ainuke akaokoe kahawa yake. Afande alipiga kelele hadi sauti ikamkauka, na hakulitamka.