Mwalimu Aliyeuliza Habari za Meno Yetu

Mwalimu mstaafu wa mtaa wetu wa Kariakoo amefariki, na tumemzika Ijumaa baada ya swala. Wasomaji wengi wa safu hii hawakumjua. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, akastaafu, akabaki na chumba kimoja na mazoea ya kuamka alfajiri bila sababu. Mimi, nisipoandika safu hii, nauza vipuri vya baiskeli karibu na nyumba yake, upande wa kwenda Gerezani, na tulizoeana kwa sababu ya kazi moja aliyoifanya uzeeni.

Wataalamu wa meno wa ofisi moja kule Posta walikuwa na karatasi ya maswali iliyotungwa nchi za mbali, ya kumuuliza mtu kama anaridhika na jinsi meno yake yanavyoonekana. Walimpa Mwalimu aiandike kwa Kiswahili, kisha aijaribu kwa watu wa mtaani. Majibu hayo ndiyo yangeamua kama zahanati yetu ipelekewe daktari wa meno. Aliifanya kwa siku mbili, akatoka nayo, na kila aliyemuuliza akasema anaridhika. Mama muuza vitumbua, ambaye meno ya mbele yalimtoka zamani, alijibu kuwa anaridhika sana, alhamdulillahi, akamuuliza Mwalimu kama yeye ana ugomvi na Mungu. Msichana wa duka la khanga aliulizwa kama mwanya wake unamsumbua, maana karatasi iliuhesabu mwanya kuwa kasoro. "Unawasumbua wasio nao, Mwalimu," akasema, na wateja wakacheka.

Mimi nilikuwa wa mwisho siku ile. Nimezaliwa upande wa Arusha, ambako maji ya kisima chetu huyafanya meno kuwa ya kahawia tangu utotoni, na hayasafishiki kwa mswaki wowote. Nilimwamkia, nikaichukua karatasi, nikaweka alama kwenye neno "naridhika" bila kufikiri. Mwalimu aliitazama alama ile, kisha akanitazama mimi.

"Sasa mbona ukizungumza unaweka mkono mdomoni?"

Niliushusha mkono. Akasubiri, kama alivyokuwa akiwasubiri watoto ubaoni. Akaniuliza tena, safari hii taratibu, kama kuna mahali niliwahi kuacha kwenda kwa sababu ya meno. Ndipo nikamweleza kuhusu duka la redio la familia moja ya Kihindi, lililofunguliwa biashara ilipoanza kuachiwa watu binafsi. Walitaka kijana wa kuongea na wateja. Jirani yangu alikwisha kunisemea, na mwenye duka alisema nije hata kesho. Hakunikataa mtu. Ni mimi ambaye sikwenda.

Usiku ule Mwalimu aliiandika upya karatasi nzima. Aliondoa neno kuridhika, akauliza mambo ambayo mtu anaweza kuyajibu bila kuonekana anamlalamikia Muumba: ukipigwa picha unafumba mdomo? Ukicheka, unageuka pembeni? Akaanza mzunguko tena, na safari hii watu walisema mpaka akakosa pa kuandika. Muuza vitumbua alimwambia kuwa kwenye harusi ya mwanawe alikaa jikoni muda wote, ili asiitwe kwenye picha.

Ofisini hawakuipokea. Mkubwa wa kazi alimweleza kwa upole kwamba aliajiriwa kutafsiri, siyo kutunga, na kwamba maswali yasipofanana na ya nchi nyingine majibu hayataweza kulinganishwa. Mwalimu alinisimulia alichomjibu: "Basi mtalinganisha meno yao na adabu yetu." Akaomba jina lake lifutwe. Karatasi ya kwanza ikatumika, mtaa wetu ukaandikwa kuwa umeridhika, na daktari wa meno hakuja.

Nimelifikiria sana jambo hilo miaka hii ya ruksa, ya biashara huria. Maduka yamejaa dawa za meno za kila rangi, na mabango yana watu wanaocheka mpaka magego yanaonekana. Kila mwenye bidhaa anatuuliza tunajisikiaje, na kila mwenye kutaka kura pia. Tunajibu poa. Tunajibu tunashukuru. Anayeuliza anaandika alichosikia na kuondoka, na sisi tunarudi kwenye shida zetu tukiwa tumechoka zaidi ya jana, kwa kuwa sasa imeandikwa kwamba hatuna shida.

Wiki mbili kabla ya kifo chake niligonga mlango wake asubuhi kabla ya kufungua biashara. Alikuwa amekaa kitandani, shuka mabegani, na joto la Dar mnalijua. "Shikamoo Mwalimu," nikasema. "Marahaba mwanangu." Nikamuuliza hali. Akasema hajambo, anamshukuru Mungu. Nami nikafurahi, nikamwambia vizuri, nikaenda kupanga minyororo na pedeli zangu mezani. Kwenye msiba mpwa wake alinieleza kwamba wakati ule alikuwa na siku ya nne bila kula.

Kuuliza nilimuuliza. Lakini nilikuwa mtu pekee katika mji huu aliyefundishwa, na yeye mwenyewe, kwamba jibu la kwanza la watu wetu ni heshima tu wanayompa anayeuliza. Ilikuwa kazi yangu kuvuta kigoda, nikae, nimuulize amekula nini.