Mgane wa Ghorofa ya Tisa

Mtu akikuambia kisasi hakina utamu, muulize alikionja wapi. Mimi nimekionja, tena cha mwenzangu wala si changu, na mpaka leo sijasukutua kinywa.

Mwenye kisasi ni mwanamke tuliyemwita Mapokezi, kwa kuwa alikaa mapokezi, na kwa kuwa siku ya kwanza alilitaja jina lake kwa sauti ndogo hata hakuna aliyelishika. Mrefu, mwembamba, mla karanga. Alikuwa na tabia ya kuvua viatu chini ya meza, halafu bosi akitokea anavitafuta kwa vidole vya miguu huku juu anatabasamu. Kumchekesha ilikuwa kazi, lakini akianza kucheka haachi mpaka afute machozi. Mimi nilikuwa mlinzi pale pale mlangoni, nakagua mikoba ya wanawake. Meza yake na yangu zilikaribiana kiasi cha kupokezana karanga bila mtu kuinuka, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona kwa macho, au aliniambia mwenyewe.

Kwanza mlijue jengo. Mtaa ule ni wa majengo ya wakubwa: benki peke yake kwenye jengo lake, posta peke yake, wizara peke yake, na sisi kampuni ya bima, makao makuu, ghorofa kumi na mbili zote zetu. Majengo ya kupangisha hayako hivyo. Huko daktari wa meno anakaa juu ya fundi cherehani na hakuna anayejua jirani yake kaamkaje. Kwetu kila aliyepanda lifti alikuwa wa kwetu. Tulikuwa na kantini yetu, zahanati yetu, timu ya mpira yetu na majungu yetu. Neno likidondoka ghorofa ya pili asubuhi, kabla ya chai limeshafika juu kwa Mkurugenzi, tena limenenepa. Na mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja tu. Mkurugenzi alitaka kila mtu apite mbele, akanyage marumaru, ajue anafanya kazi wapi.

Tulikuwa pia na utaratibu ambao niliupenda. Mfanyakazi akifiwa, kazi inasimama, jengo zima linashuka ukumbini, tunasimama naye kimya, kisha tunampa pole mmoja mmoja. Nimeona wanaume wazima wakilia juu ya marumaru ile.

Basi Meneja wa Madai, wa ghorofa ya tisa, akafiwa na mke. Tukashuka. Tukalia. Mama wa kantini, mjane mwenyewe, alimkumbatia akamwambia, "Jikaze baba. Mungu hamtupi mja wake." Yeye akatuambia mazishi yamekwisha, yalifanyika kwao mke, mbali, hakutaka kutusumbua. Tukamhurumia mara mbili. Haukupita muda mrefu akaanza kuonekana kantini na mpwa wa Mkurugenzi, binti mzuri wa idara ya sheria, nasi tukasema kweli Mungu hamtupi mja wake.

Mkewe alikuwa hai.

Alikuwa kwa mdogo wake, upande wa pili wa jiji hilo hilo, amelala kwenye godoro karibu na dirisha. Figo zilipoanza kumsumbua, mume alimpeleka pale na sanduku moja akamwambia, "Pumzika kwa mdogo wako, nitakuja Jumamosi." Jumamosi zikaja zikapita, yeye hakuja. Simu ikawa haipokelewi. Huyu ndiye mwanamke aliyeshona sare za shule kutwa kucha ili mume asome masomo ya jioni, mpaka akawa huyo meneja. Ukimfadhili mbuzi utakunywa mchuzi. Binadamu, yeye atakutangazia msiba.

Mdogo mtu, ambaye wakati huo alikuwa mpiga chapa wa shule, aliomba ruhusa siku moja akaja kumtafuta shemeji yake ofisini. Kwenye meza ya mapokezi alikuwapo bibi mmoja wa zamani. Mgeni akajieleza: "Mimi ni mdogo wa mke wa Meneja wa Madai." Yule bibi akainuka, akamshika mikono yote miwili. "Jamani, mwanangu, pole kwa msiba. Marehemu tulimlilia sana hapa." Na mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, nikatoa pole yangu. Mgeni alitutazama. Akaomba maji. Akanywa bilauri nzima, akashukuru, akatoka. Tukasema maskini, uchungu bado mbichi.

Nyumbani dada mtu alikuwa amejiinua kwa kiwiko, anangoja.

"Umemkuta?"

"Yuko safarini. Kikazi."

"Hakuacha neno?"

"Anakusalimia."

Dada mtu akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya siku nyingi. "Na wewe ukimwona, msalimie," akasema.

Yule bibi wa zamani alipostaafu, kazi ilitangazwa, na mdogo mtu akaja na cheti chake, akawa Mapokezi wetu. Wenzake wa shule walimwona mjinga kwa kuacha kazi ya serikali ili akakae mlangoni. Asubuhi yake ya kwanza Meneja wa Madai aliingia na watu wa idara yake, wanacheka, ametupia koti begani. Mapokezi akasimama, akaweka mikono pamoja kwa adabu zote.

"Shemeji, habari za asubuhi? Dada anakusalimia."

Sijui kama mmewahi kumwona mtu akisalimiwa akawa kama aliyepigwa. Kicheko kilimkauka. Lakini salamu haikataliwi mbele za watu.

"Nzuri," akasema. "Nisalimie."

Walipofika kwenye lifti nikasikia mmoja akimuuliza ni dada gani huyo. Akajibu ni dada yao mkubwa, mama mtu mzima, anampenda sana. Basi uwongo wake ukazaa mtoto pale pale mlangoni.

Ikawa kila siku. "Shemeji, dada leo amekula vizuri." "Shemeji, dada anauliza utakuja lini." "Shemeji, dada ameota uko mlangoni." Kwa sauti tamu, ya heshima, ya ukumbi mzima kusikia. Na zilikuwa salamu za kweli. Yule mgonjwa alizituma kila alfajiri, neno kwa neno. Meneja akija mapema, Mapokezi alikuwa ameshafika. Akichelewa kutoka, alikuwa hajaondoka. Amfukuze? Kwa kosa gani? Kwamba ana adabu? Alijaribu kumpandisha cheo ahamie tawi la mji mwingine. Mapokezi akamshukuru sana. "Mlango huu unanitosha, shemeji."

Mwisho aliinamia meza yake, jasho kwenye mdomo wa juu. Nilijifanya nachunguza zipu ya mkoba wa mtu.

"Unataka nini?"

"Mimi sitaki kitu. Dada anataka kukuona. Njoo ukae naye hata kidogo, na mimi nitanyamaza mpaka naingia kaburini."

"Nitakuja Jumamosi."

Jumamosi hiyo dada mtu alioga mapema, akavaa gauni lake la buluu lililokuwa limempwaya, akaketi kwenye kiti akiutazama mlango. Aliketi mpaka taa za majirani zikawaka. Jumatatu Mapokezi alifika kazini macho mekundu, hakugusa karanga.

"Nilidhani namtaka aje," akaniambia. "Sasa namtaka aumie."

Hapo ndipo aliponieleza yote. Nilisikia damu ikinipanda kichwani. Machozi yangu! Machozi yangu mwenyewe niliyomlilia mtu aliye hai! Nikamwambia twende sasa hivi, tupande ghorofa kwa ghorofa, tumwanike kama nguo. Akanishika mkono.

"Nikisema, dada atajua alishazikwa. Hilo litamuua kabla ya figo."

Mwezi ule kampuni ikatangaza siku ya familia. Kila mfanyakazi aje na mtu wake, aone jengo, anywe soda ukumbini, Mkurugenzi ahutubie. Dada mtu akasikia, akang'ang'ania. "Kwani mimi si familia yako? Nipeleke. Labda kweli ana kazi nyingi. Nitamwona huko huko kazini kwake." Mapokezi akaja kuniuliza afanye nini. Mimi si mtu wa kupoza maji yakichemka.

"Mlete."

"Na akijua?"

"Ana haki ya kujua. Mtu hazikwi bila kuulizwa."

Alifikiri siku mbili. Ya tatu akaniambia atamleta.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa watoto wenye viatu vipya wakiteleza kwenye marumaru. Meneja wa Madai alisimama karibu na Mkurugenzi, mpwa wa Mkurugenzi amemshika kiwiko. Mapokezi akaingia na dada yake, wanatembea polepole, fimbo ikigonga sakafu, gauni la buluu limefungwa mshipi ili likae. Alikuwa mwembamba, miguu imevimba, lakini macho yake yaliruka juu ya vichwa vyote mpaka yakampata aliyemtafuta. Akaita jina la mumewe. Halikuwa jina la ofisini, bali lile la nyumbani, ambalo hakuna aliyelijua pale.

Yule bwana aligeuka. Mapokezi akapaza sauti ile ile ya kila asubuhi.

"Shemeji, leo sikuleta salamu. Nimemleta mkeo mwenyewe."

Mpwa wa Mkurugenzi aliachia kiwiko. "Mkeo yupi?" akauliza. Yule bwana akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango wa lifti, akabonyeza kitufe, akabonyeza, akabonyeza. Lifti ilikuwa juu na haikuwa na haraka naye. Sitasema uwongo, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya, halafu nikaendelea kufurahi.

Ni dada mtu aliyenikata furaha. Aliona nyuso zote zimemgeukia, mama wa kantini ameshika kifua, na watu wanarudi nyuma kama wanampisha.

"Kuna nini?" akauliza. "Amekufa nani?"

Nilimtazama Mapokezi. Miaka miwili ya kuficha, na neno lenyewe likamkwama. Mama wa kantini ndiye aliyesogea akamshika mkono, akaubinya kuhakikisha una nyama.

"Ni wewe, mwanangu," akasema. "Tulikulilia hapa hapa."

Dada mtu akamtazama mumewe, ambaye lifti ilikuwa imemfungulia hatimaye, akaingia na milango ikamficha. Kisha akawaambia watu wote, "Asanteni kwa kunililia." Akamgeukia mdogo wake: "Turudi nyumbani." Njiani, Mapokezi aliniambia, alimuuliza swali moja tu: zile salamu za mume alizokuwa akiletewa, hata moja ilikuwa ya kweli? Mapokezi hakumdanganya tena.

Mnataka kujua yaliyompata? Kampuni haikumfukuza, alijua siri nyingi za madai. Ilimshusha ghorofa ya chini kabisa, kwenye mafaili, jirani na jenereta. Lakini jengo la mwenyewe mmoja lina adhabu zake. Mpwa wa Mkurugenzi alimrudishia pete ya uchumba kwa mkono wa mfagizi. Lifti aliyoingia ilishusha watu wote. Kantini, meza aliyokaa ilikuwa yake peke yake, na mama wa kantini akimpakulia alikuwa anamwangalia mtu wa nyuma yake. Angefanya kazi kwenye jengo la kupangisha angepanda ghorofa moja akaanza maisha upya. Kwetu hakukuwa na ghorofa ambayo haikumlilia mkewe. Na asubuhi Mapokezi hakumsalimia tena. Alimpisha tu, akimenya karanga, nami nikimwona anavyosita mbele ya meza ile, kama mtu anayengoja kitu.

Yule bwana akaacha kazi mwenyewe. Muda kidogo baadaye, Jumapili alasiri, nilikwenda kumsuka dada mtu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa haifiki tena kichwani. Hali yake ilikuwa imeshuka, sote tulijua. Mapokezi alikuwa anapiga pasi. Mlango ukagongwa.

"Hodi."

Nilihisi shingo ya dada mtu ikikakamaa katikati ya vidole vyangu. Hodi ile aliingoja tangu siku ya sanduku. Mapokezi akasimamisha pasi, na kwa mara ya kwanza niliona chuki imeondoka usoni mwake. Aliyemtaka kwa miaka yote alikuwa mlangoni.

"Dada," akanong'ona, "nimfungulie?"

Dada mtu alifumba macho. "Mwambie nimeshakufa."

Mapokezi alifungua mlango nusu, akasimama kwenye kizingiti. Kutoka nilipokaa niliona kola chafu na mfuko wa matunda.

"Umechelewa, shemeji. Dada ameshafariki."

Mfuko ukaanguka. Yule bwana akalia, na safari hii alilia kweli. Kilio cha uwongo nilishakiona, nakijua. Alilia ameshika fremu ya mlango mpaka majirani wakatoka.

"Lini?" akauliza. "Jamani, lini?"

Sauti ikamjibu kutoka ndani, dhaifu lakini haina kigugumizi.

"Siku ile ulipowatangazia wenzako."

Kisha dada mtu akainamisha kichwa, akaniambia niendelee kusuka.