Kitabu Kilichosahau Mbuzi

Mimi shule niliachia darasa la pili, kwa hivyo kitabu kile nilikijua kwa masikio tu. Binti yangu alikuja nacho kutoka shule ya bweni, likizo ya Agosti, wakati akina mama wa mwethya walikuwa wakinichimbia matuta huku upande wa Emali. Mwethya ni kusaidiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Mvua iliyopita ilikuwa imebeba udongo wangu mpaka mtoni. Ingenikuta tena bila matuta, ningebaki na mawe.

Siku za zamu yangu ziliisha kazi ikiwa nusu. Lakini walizidi kuja, na si kwa sababu ya uji wangu, maana uji wangu haujawahi kusifiwa. Ni kitabu. Cha mapenzi, cha Kiingereza, na binti yangu akikigeuza Kikamba papo hapo, hakwami, sauti ya kijana wa kitabuni kivyake, ya mpenzi wake kivyake. Walikuwa wamekutana likizoni, ufuoni. Hata yule mama wa kanisa aliyesema ni dhambi alisogeza jembe lake karibu.

Tulikuwa tunangoja mbuzi. Kwetu kijana akipenda, wazazi wake huleta mbuzi za ntheo kwa kina msichana kumposa, ndipo mapenzi yana miguu.

"Amemshika mkono," jirani akasema. "Sasa ziko njiani."

"Labda kwao wanafuga kuku," mwingine akajibu.

Ukurasa wa mwisho, kijana akapanda ndege, msichana akalia kidogo, akanunua aiskrimu. Basi.

"Na mbuzi?" mama wa kanisa akauliza.

"Hakuna, mwaitu," binti yangu akajibu, akimwita mama kwa heshima.

"Umeruka mahali."

"Sijaruka."

"Basi aliyeandika hicho hakulelewa."

Wakaanza kukung'uta majembe, kila mmoja akikumbuka shamba lake. Mimi nikatazama mteremko uliobaki. Sikuwa na haki ya kuwadai.

Binti yangu akafunga kitabu. "Kimeisha, lakini hao watu hawajaisha. Kesho nitawasimulia jinsi babake kijana alivyopata habari, na alichofanya."

Wakarudi. Alizitoa mbuzi hizo kichwani mwake, akaziswaga polepole, moja ikakataa kuvuka mto, nyingine mjomba wa msichana akaikataa kwa sababu ya sikio. Tulicheka mpaka udongo tuliorusha juu ukaturudia miguuni. Ziliingia nyumbani kwa msichana siku tuliyofunga tuta la chini, la mwisho, na mvua ilipokuja, udongo wangu ulikaa.