Mimi Ndiye Niliyekuwa Ndani ya Sanduku la Sabuni

Admin, ficha jina langu, maana Makambako tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, nimeolewa, sina mtoto. Nisomeni mpaka mwisho, halafu ndio mnitukane.

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani, kampuni moja ya sabuni ilikuja kufanya promosheni sokoni. Walichonga sanduku kubwa la mbao lenye umbo la mche wa sabuni, wakalifunga taa za rangi, maikrofoni na spika, umeme wa betri ya gari. Ukinunua mche unauliza swali, sanduku linakujibu, tena linakutaja kwa jina. Watu waliambiwa ndani kuna kompyuta kutoka Ulaya. Kompyuta gani! Ndani nilikuwa mimi, nimekalia ndoo, nasemea kwenye sufuria ili sauti ibadilike. Mwenzetu mmoja alijichanganya na wateja, akawapigisha stori, kisha ananipenyezea karatasi yenye majina na shida zao. Nilichaguliwa kwa sababu Kibena nakijua na mdomo ninao. Tulikatazwa kumwambia mtu yeyote. Mume wangu nilimwambia nafungasha sabuni.

Siku moja mume wangu akamleta mama yake kutoka Lupembe aone maajabu. Walipanda lori la kiwanda cha chai aliloendesha rafiki yake, rafiki wa kufa na kuzikana. Huyo ndiye aliyemsindikiza mume wangu hospitali siku alipoambiwa hawezi kuzalisha. Siri hiyo tuliijua watatu tu.

Mama mkwe akashika maikrofoni. "Mashine, mkamwana wangu mwaka wa nne huu hajazaa. Mwanangu amrudishe kwao?"

Watu wakapiga kelele: "Amrudishe! Amrudishe!"

Jamani. Miaka minne ananiita mgumba mbele za watu, na kwetu mkamwana hamjibu mama mkwe. Nilikuwa nainamisha kichwa, nasonga ugali wake. Ila mle ndani sikuwa mkamwana wa mtu. Nikamtaja jina, nikasema, "Mwache mtoto wa watu. Mwanao ndiye hawezi kuzalisha. Hospitali wamemwambia, anakuficha." Na kwa kuwa kila jibu lazima limalizike kwa tangazo, nikaongeza, "Fulia sabuni yetu, doa halibaki!"

Soko zima lilicheka. Kwenye tundu la kuchungulia nilimwona mume wangu amekumbatia miche yake miwili, hajui aangalie wapi. Nisiwadanganye, roho yangu iliburudika. Bosi aligonga mbao kwa furaha, kwamba niendelee hivyo hivyo.

Nyumbani nikamkuta mume wangu analia. "Ni yule rafiki yangu wa lori," akasema. "Nani mwingine anajua zaidi yako, na wewe umetukanwa mgumba ukanitunzia siri? Nimemwona kwa macho yangu anaongea na watu wa sabuni." Kumbe mwenzake alikuwa anawauliza choo kiko wapi. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikamwambia, "Marafiki ndivyo walivyo."

Akaenda kumchongea kiwandani kwamba anaiba chai na kuiuza njiani. Uongo mtupu. Yule baba akafukuzwa kazi, akarudi Mlangali kulima mahindi, watoto wake wakaacha shule mmoja mmoja.

Jana binti yake amekuja kwetu. Akapiga magoti mbele ya mume wangu. "Baba yuko hoi. Anasema mpaka leo hajui alichokukosea, ila anakuomba umsamehe kabla hajafa."

Mume wangu akajibu, "Mwambie afe nalo."

Binti akanigeukia mimi. "Mama, nisaidie kumlainisha." Nikamwongezea chai kwenye kikombe.

Nikisema, nitafukuzwa, na kwa umri huu sina mtoto wa kunipokea. Nikinyamaza, mtu anakufa akiomba radhi kwa kosa langu. Binti anaondoka kesho asubuhi. Niambieni leo hii nifanye nini, maana kesho nitakuwa nimechelewa. Na msiniambie nisali. Nimeshasali sana, na bado sijasema.