Picha zote ziko kwenye cloud, code inaenda kwa simu ya marehemu Wafula

Wakuu, nawasalimu wote, wa Nairobi na wa mbali.

Mimi ni mzee, nimestaafu juzi tu. Nimekuwa nikisoma nyuzi za wengine hapa muda mrefu bila kuandika neno. Leo naweka wangu, na sitaongeza chumvi. Mahali nitakapoonekana mjinga, basi nilikuwa mjinga.

Ni uzi wa watu wa IT, lakini hata kama hujawahi kuona server utaelewa.

Nilimaliza kidato cha nne nikapata kazi kwenye studio ya picha katikati ya mji, ghorofa ya pili. Mwanzoni nilikuwa wa kufagia, kushika taa na kuchanganya dawa za filamu. Kompyuta zilipokuja, bosi alinilipia kozi ya jioni, nikarudi nikiwa "mtu wa IT". Hakuna aliyebisha kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kitu.

Mwenzangu alikuwa Wafula. Yeye ndiye aliyeingiza filamu za zamani kwenye kompyuta, moja moja, amevaa glavu. Harusi, ubatizo, askari waliopata sare mpya, wasichana waliovaa viatu vya kuazima. Kila picha aliipa jina lililokuwa kwenye bahasha yake. Ilimchukua miaka.

Halafu mwenye jengo akaamua kugawa vyumba viwe exhibition, vile vibanda vya nguo na simu mnavyovijua. Ikabidi tuhamie Kilimani, vyumba viwili tu juu ya duka la dawa. Server, ile kompyuta kubwa iliyotunza picha zote, haikuwa na pa kukaa, na maboksi ya filamu vivyo hivyo.

Bosi akaniuliza tufanye nini. Nikasema, cloud, yaani picha zikae kwenye kompyuta za kampuni ya mtandaoni.

Wafula hakupenda. Aliniambia, "Gitau, filamu ukiishika dirishani unaona mtu. Haikuulizi password."

Nikamcheka. Nikamwambia yeye bado yuko enzi za chumba cha giza.

Siku ya kufungua account, ile fomu ikataka namba ya simu. Simu yangu ilikuwa imezima, nimeiacha kwa charger pale mbele. Sikutaka kuinuka.

"Wafula, hebu taja namba yako."

Akataja. Code, zile tarakimu za kuthibitisha, ikaingia kwake, akaisoma kwa sauti kama mtoto anayesoma ubaoni. Account ikafunguka. Nikasema namba nitaibadilisha kesho niweke yangu. Ni kazi ya dakika mbili.

Wakuu, hiyo kesho ndiyo uzi wenyewe.

Kupandisha picha kulinitoa jasho. Mtandao ulikuwa unakatika, stima zinapotea, naanza upya. Lakini zilifika zote. Nililinganisha hesabu ya huku na ya kule, zikawa sawa, nikajipiga kifua.

Server tukauzia watu wa scrap. Kulikuwa na hard disk yenye nakala ya pili. Ofisi mpya ilihitaji disk ya CCTV, nikaifomati hiyo, ikafutika yote.

Bosi aliniuliza, "Gitau, uko sure?"

Nikajibu, "Sure kabisa."

Filamu zilibebwa na lori la taka. Wafula hakuwepo kuona. Alikuwa amelazwa, ini.

Hakutoka. Mazishi yalikuwa kwao Bungoma, Jumamosi ileile ya kuhama. Wenzangu walisafiri. Mimi nilibaki kuhamisha mitambo, nikasema kazi haiwezi kungoja. Nilimpigia mke wake, Mama Nekesa, nikamwahidi kwamba akirudi nyumbani Kawangware nitamtembelea.

Sikumtembelea. Kwanza nilikuwa na shughuli. Kisha nikaona aibu kwa sababu nimechelewa. Aibu nayo ukiiacha inakua. Ilifika mahali nikiwa na safari ya upande ule napitia barabara nyingine.

Kazi iliendelea. Laptop yangu ilikuwa imeingia kwenye account siku zote, kwa hivyo sikuulizwa chochote. Hadi siku nilipoimwagia chai ikafa.

Kwenye laptop mpya niliweka password, ikakubali. Halafu ikaniambia imetuma code kwa namba inayoishia na tarakimu fulani mbili. Nikazitazama nikajua ni za nani.

Na bado sikushtuka. Nani anatafuta picha za zamani? Nikasema nitashughulikia.

Ndipo akaja Mama Njoroge.

Alikuwa ametoka Waithaka peke yake, anapapasa ukuta wa ngazi, sweta na kitambaa kichwani. Alinigeuzia uso upande mmoja kama kuku anavyotazama.

"Wewe ndiye yule kijana wa studio?"

"Mama, mimi nina mvi."

"Mvi sizioni," akasema, akacheka.

Njoroge alikuwa mwanawe wa kwanza na wa mwisho. Walimpiga picha kwetu akiwa bado mdogo, na surua ikamchukua muda mfupi baadaye. Hakujaliwa mwingine. Lakini jina limebaki naye, mtaa mzima unamwita Mama Njoroge. Aliniambia vijana wa siku hizi humuuliza Njoroge anafanya kazi wapi, naye huwajibu, "Yuko mbali."

Ile picha ilikuwa moja tu. Iliungua pamoja na nyumba ya mbao.

Sasa ana presha ya macho. Jicho moja limekufa, na daktari amemwambia la pili liko njiani, dawa zinalichelewesha tu.

"Nataka nimuone mara moja," akasema. "Sura yake imeanza kunipotea. Nikifumba macho, namuona mtoto wa jirani."

Halafu akaongeza, "Si ni wewe ulikuwa unamtingishia funguo ndiyo atulie?"

Sikukumbuka. Ilikuwa kazi yangu, nimetingishia watoto wengi sana funguo.

Nilipaswa kumwambia ukweli palepale. Badala yake nilisema, "Picha iko, Mama. Rudi Ijumaa."

Alipoondoka nikapiga namba ya Wafula. Nilikuwa najua ukikaa na laini bila kuitumia, kampuni inaichukua na kuiuza kwa mtu mwingine. Ikaita. Akapokea msichana.

Nikajitambulisha vizuri, nikamweleza kwamba namba yake ilikuwa ya rafiki yangu marehemu, na kwamba kuna code itaingia, tafadhali anisomee.

"Weh! Code?" akasema. "Buda, simu imeingiaje huko jela?"

"Mimi si wa jela, binti yangu. Mimi ni mzee wa studio."

"Na wa jana alikuwa pastor. Mzee mzima, sauti ya kanisa, na unaibia watoto. Shindwe!"

Akakata. Nilipopiga tena nikakuta amenifungia. Nikaazima simu ya askari wa geti, akaijua sauti yangu kabla sijamaliza salamu. Simlaumu. Hapa Kenya tumefundishana vizuri, anayekuomba code ni mwizi, na wengi wao hupiga wakiwa jela. Hata mimi ningemtukana.

Najua kuna mtu atauliza kwa nini sikuenda kwenye duka la laini. Nilienda. Waliniambia laini ni ya mteja wao, na mimi si mteja huyo. Walikuwa sahihi.

Basi nikafanya jambo ambalo kijana yeyote wa IT angenichapa kwalo. Nilianza kubahatisha code. Nikaomba nyingine, nikabahatisha tena. Nikajaza fomu ya kurudishiwa account, nikaona inachelewa, nikajaza nyingine. Mwishowe ikatokea ilani kwamba account imefungwa kwa usalama, nisubiri. Sikusubiri. Nilijaribu tena, na kila nilipojaribu, muda wa kusubiri ulianza upya.

Ijumaa Mama Njoroge akaja.

"Mama, system inasumbua."

Akarudi juma lililofuata. Nikasema vilevile. Safari hii alikuwa ameshikwa mkono na jirani.

"Hiyo system ni ya nani?" akaniuliza. Hakuuliza kwa hasira, alitaka tu kujua ni nani wa kuombwa.

Nikamjibu, "Ni yangu, Mama."

Jioni hiyo nilikwenda Kawangware kwa Mama Nekesa. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nasema hivyo ili mjue kwamba hata siku hiyo sikwenda kumpa pole, nilikwenda kwa sababu ya shida yangu.

Alifungua mlango, akanitazama.

"Shemeji. Kumbe uko hai."

Akaniwekea chai. Nikamweleza yote, server, Wafula kutaja namba, yule msichana. Nilipofika kwa msichana akaweka kikombe chini.

"Faith? Faith wa salon?"

"Simjui jina. Amenitukana tu."

"Huyo tunaongea naye kila Jumapili."

Akanieleza. Baada ya mazishi alikuwa anapiga namba ya mumewe jioni, anasikiliza ile sauti ya mteja hapatikani, analala. Siku moja ikaita, na msichana akapokea. Mama Nekesa akashindwa kusema, akaanza kulia.

"Hakukata," akaniambia. "Alingoja nikamaliza. Halafu akasema, Mama, ukitaka kupiga wewe piga tu."

Akachukua simu, akapiga akiwa ameweka speaker.

"Mama Nekesa! Umeshindaje?"

"Salama, mwanangu. Kuna code itaingia kwako, nisomee. Ni ya kazi ya baba yenu."

"Sawa. Ngoja... Mama, ama ni yule mzee wa jela?"

"Ndiye. Nimemkalisha hapa anakunywa chai."

"Ai! Mwambie pole basi. Si angesema ni wako?"

Mama Nekesa alicheka mpaka akajifuta macho. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimefungua laptop magotini, na kioo kilikuwa kinasema account imefungwa, hakuna code itakayotumwa kwa namba yoyote mpaka muda wa usalama uishe. Ule muda niliokuwa nimeurefusha kwa mikono yangu.

"Imekubali?" akaniuliza.

"Bado."

"Kwa nini hukuja kwangu kwanza?"

Nikafunga laptop, wakuu. Ningekuja siku ile ya kwanza, tungefungua kabla chai haijapoa. Lakini ningekujaje kwa mtu niliyemkimbia?

Safari hii nilisubiri. Sikugusa kitu. Muda ulipokwisha, Faith alinisomea code yeye mwenyewe, taratibu, namba moja moja, kama alivyofanya mwenye laini wa kwanza.

Picha zilikuwepo zote. Nikaandika jina la Njoroge na la mama yake, ikatokea. Wafula alikuwa ameliandika vizuri. Nilibadilisha namba ya simu nikaweka yangu, na kweli ni dakika mbili. Halafu nikaichapa picha kubwa, ya kutundika ukutani, nikaenda Waithaka.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti nje ya mlango, juani. Nikasimama mbele yake, hatua moja tu.

"Nani huyo?" akasema.

Nikajua.

"Ni mimi, Mama. Wa studio."

"Umeileta?"

"Nimeileta."

Akanyoosha mikono, nikampa. Aliishika pande zote mbili, akaiinua karibu na uso, upande mmoja, upande mwingine. Akapitisha kidole juu ya karatasi. Ni laini, haina chochote cha kushika. Akaiweka mapajani.

"Umechelewa kidogo," akasema. "Basi nitazamie wewe."

Nikachutama kando yake. Nimefanya kazi ya picha maisha yangu yote, na sidhani nimewahi kutazama picha kama nilivyotazama hiyo.

Nikamwambia amevaa kaptura na fulana ya mistari. Soksi moja imepanda, nyingine imeanguka. Mkono mmoja ameushika mkono wa kiti.

"Anacheka?"

Hakuwa anacheka. Nilitaka sana kusema anacheka. Ni neno moja, na nani angejua? Lakini nilikuwa nimeshamdanganya kwa Ijumaa na system.

"Hapana, Mama. Amekunja uso. Kama mtu aliyeamshwa."

Akafunika mdomo. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani nimemuumiza. Kumbe alikuwa anacheka.

"Ni yeye! Hakupenda wageni huyo. Ni yeye kabisa. Na anaangalia wapi?"

"Anaangalia kando. Si kwa camera. Kuna kitu pembeni anakitazama."

"Ni wewe," akasema. "Anakutazama wewe na funguo zako."

Nikaitazama tena ile picha.

"Bado unazo?" akaniuliza.

Nilikuwa na funguo za ofisi mfukoni. Nikazitoa, nikazitingisha kidogo.

Mama Njoroge akageuza uso kando, kuelekea kwenye ule mlio, akatulia hivyo.

Wakuu, yangu ni hayo.

Vijana mtaniambia kuhusu nakala tatu, na kujaribu kurudisha data kabla ya kufomati disk, na kutosajili account ya kazi kwa simu ya mtu. Yote ni kweli na mkayafanye. Mimi nilikuwa nayajua. Data yangu haikupotea hata faili moja, hesabu ni kamili mpaka leo. Kilichopotea ni macho ya yule mama, yalikwisha wakati mimi nabahatisha code kwa sababu nilimwogopa mjane wa rafiki yangu.

Siku hizi Jumapili nikitoka kanisani napita Kawangware, halafu Waithaka. Mama Njoroge huniambia nimtazamie tena, nami huanza na soksi.

Sasa semeni nanyi. Nani hapa ana account inayotegemea simu ya mtu ambaye hajamjulia hali siku nyingi? Mpigie leo, na usianze na habari za code. Wa kunitukana pia karibu, nitasoma yote.